Kabla Hujamsamehe Mama Yako

Kandida mwanangu,

Kabla hujaingia mstari wa pili, tazama nani amekaa karibu nawe. Akiwa ni yule mhubiri, Mtumishi Amosi, au mama yako, au yule dada anayeshika nguo zake za jukwaani, ikunje karatasi hii uirudishe ndani ya soksi ulikoikuta, usubiri mpaka uwe peke yako. Siombi hivyo kwa amri ya baba. Naomba kama mtu mwenye hofu. Yaliyomo humu bibi yako hayajui, mke wangu hayajui, na mama yako mzazi anayajua nusu, tena nusu isiyomsaidia. Yabaki kwako hadi Jumapili. Baada ya hapo yatakuwa yako, uyafanye utakavyo.

Sasa hivi mko hapo jirani kwa Mama Oktavia, jumuiya inakuombea safari ya kesho ya kwenda na mama yako Mbamba Bay. Mimi nimesema kichwa kinauma. Hapa mezani nasikia mnavyoimba, na sauti yako inavyochelewa kidogo nyuma ya wengine, kama mtu anayetembea bila haraka huku akijua atafika. Hakuna aliyekufundisha hivyo. Nina muda mpaka masomo, maombi na matangazo yaishe, na bahati nzuri Mama Oktavia hana matangazo mafupi.

Habari za shuka, dawa ya malaria na kutokula vitu vya njiani, bibi yako amekwisha kuzimaliza. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuambia habari za maneno uliyokuwa ukiyakariri juzi.

Ulikuwa nje ukisuuza vyombo, simu umeiegemeza kwenye sufuria. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikiwa nimekuja kutafuta maji ya kunywa. Nikaisikia sauti ya Mtumishi Amosi ikitoka kwenye simu, laini kama ya mtu anayemlisha mgonjwa. "Sema polepole, binti. 'Mama, ulinitupa, lakini leo mimi nakuokota.' Halafu nyamaza. Usikimbilie kumkumbatia. Waache kwanza walie." Ukairudia. Mara ya kwanza ulicheka. Ukairudia tena, na safari hiyo hukucheka. Ukaacha mikono ndani ya maji, ukawa unaitazama tu ile sufuria.

Nilirudi chumbani bila kunywa.

Mwanangu, mama yako hakukutupa. Najua umeusikia ushuhuda wake redioni, umeuona kwenye simu za wenzako, na najua kwamba watu wazima wamelia mbele yako wakiusikiliza. "Nilimwacha mwanangu kitandani akiwa mchanga, nikapanda lori la wanamuziki, sikugeuka nyuma." Maneno hayo nayajua kwa moyo kama wewe. Nayasikia hata kazini mahakamani, maana wimbo unaoyafuata ndio mlio wa simu ya karani mwenzangu. Kila inapoita, mimi huacha kalamu.

Aligeuka nyuma. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekupakata.

Acha nianzie mbali kidogo, nisije nikakimbilia mahali ambapo naonekana mwema.

Nilipomjua mama yako, Lidia, nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, nimepata kibarua cha ukarani wa mizani kwenye kituo cha kununulia kahawa. Yeye alikuja Mbinga kutoka Mbaha na magunia ya shangazi yake Edna ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, akauza wote, akabaki. Kulikuwa na bendi iliyokuwa ikipiga ukumbini msimu wa kahawa, na mwimbaji wao alikuwa ameugua koo. Lidia akaomba ajaribu. Wapigaji walimcheka kwanza, mmoja akamwambia, "Dada, samaki wako wamekwisha, rudi ziwani ukalete wengine." Alipofungua mdomo yule mpiga gitaa aliyesema hivyo alikosa pa kuweka vidole. Haikuwa sauti ya kupanda juu ili watu washangae. Ilikuwa ya kifuani, nzito, inafika baada ya mdundo kupita, unabaki unaingoja. Wakulima waliotoka Namswea na viatu vyenye udongo walikuwa wanasimama kabisa, glasi mkononi, hawachezi. Siku hizi wenye kujua muziki wanasema ile ndiyo sauti ya soul. Sisi tulisema tu, yule Mnyasa anaimba kama mtu anayekudai jibu.

Ukazaliwa wewe. Tukakaa kwa wazee wangu Namswea, yeye Mwanglikana wa ziwani, sisi Wakatoliki wa milimani, ndoa haijafungwa kwa sababu kila upande ulikuwa unasubiri upande mwingine uhame kanisa. Bibi yako hakumchukia. Alimwita "mgeni wangu" tu, na mtu akiitwa mgeni mwaka mzima anaelewa.

Ulipoanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa, mtu wa studio alimwita Lidia Dar es Salaam akarekodi. Yeye akaja na mpango wake mzuri kabisa: akupeleke Mbaha kwa shangazi Edna, wewe na Edna mmsubiri huko, arekodi, arudi kwenu. Alinieleza huku anakunyonyesha, akaniuliza, "Wazee wako watakubali?" Nikasema nitawauliza.

Unajua sengu yetu. Siku hizi hatuli pamoja kila siku kama walivyokuwa wakila zamani, lakini jambo likiwa zito bado kila nyumba inapika, wanaume wanakaa chakula kimoja, na jambo linaliwa pamoja na ugali. Wanawake wanaleta vyombo na kurudi jikoni. Baba mkubwa Gotfridi ndiye aliyeongoza. Waliongea Kimatengo kitupu, na mama yako aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la maharage alikuwa hajakishika bado. Alisikia jina lako na jina la Mbaha. Basi.

Baba mkubwa alisema mtoto hatashuka ziwani. Mmoja akatia utani: "Akilelewa na mawimbi atakuja kutuuliza ngoro zetu za kulimia ni mashimo ya kuzikia nani." Walicheka. Mimi pia nilicheka. Ndipo Baba mkubwa akanigeukia: "Wewe Kosmasi, uliyesoma kutuzidi sote, unasemaje?"

Waliacha kula, Kandida. Walikuwa wanataka kusikia. Nimeirudia siku ile mara nyingi, nami sasa naamini kwamba ningesema neno moja la kumtetea, wale wazee wangebishana, wangekasirika, na pengine wangekubali. Hawakuwa watu wabaya. Nikasema, "Wazee mmesema vema."

Nilitoka nje nikamkuta amesimama pale pale na bakuli. "Wamesemaje?" Macho yake yalikuwa yamekwisha kusafiri. Nami sikutaka alie mbele ya watu, sikutaka aniulize mbona sikusema. Nikamwambia, "Wamekubali. Ila wewe tangulia Mbaha ukamwandae shangazi. Mtoto anakohoa kidogo, akipoa nitamleta mwenyewe."

Alishika uso wangu kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa inanuka maharage.

Kesho yake asubuhi akaondoka na gari la kahawa. Alipofika kwenye kona, pale unapoachana na mashamba yetu, aligeuka. Nilikuwa nimekupakata. Nikaushika mkono wako mdogo nikaupunga. Yeye akapunga, akicheka, akifikiri ataupata mkono ule baada ya siku chache.

Hayo ndiyo anayoyasimulia sasa kama usiku wa kumtupa mtoto.

Shangazi Edna, kabla hajafa, alinieleza yaliyofuata, na hakunihurumia. Alisema kila gari liliposikika Lidia alikwenda kusimama njiani. Kifua kilimjaa mpaka akapata homa. Alikuwa anayakamua maziwa kwenye kikombe cha bati na kuyamwaga kwenye shina la mgomba, kwa sababu hakuweza kuyamwaga mchangani. Yule mtu wa studio alipoanza kutishia kumchukua mwimbaji mwingine, ndipo alipopanda tena mlima kuja Namswea kukufuata. Baba mkubwa alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamwambia mtoto habanduki. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha Baba mkubwa nikiinamisha kichwa, kama mtu ambaye naye amekatazwa. Unajua aliniambia nini tulipokuwa tunamsindikiza? Aliniambia, "Pole, Kosmasi. Hata wewe wamekushinda."

Sikumsahihisha. Sijamsahihisha mpaka leo ninapokuandikia.

Miezi kadhaa baadaye wimbo wake ulianza kupigwa redioni. Unaujua, ingawa nyumbani kwetu haupigwi: "Umesema utaniletea, mbona njia ni nyeupe." Watu nchi nzima waliucheza wakidhani ni mwanamume aliyeahidi zawadi. Uliwafaa walevi na uliwafaa maharusi. Mara ya kwanza niliusikia kwa kinyozi hapa mjini, kichwa kimenyolewa nusu, na kinyozi akasema, "Huyu dada mtu amemnyima simu mpya." Wakacheka waliokuwa wanasubiri. Nililipa nikatoka na nusu ya nywele, nikavaa kofia hadi jioni.

Alikuwa ananiuliza mimi. Alikuwa ananiuliza mbele ya nchi nzima, kwa heshima, bila kunitaja jina.

Alikuja kukuona kila alipoweza. Unakumbuka "anti" aliyekuja na viatu vyekundu, ukakataa kuvivua hata kulala? Ni yeye. Bibi yako ndiye aliyesema uambiwe ni anti, usichanganyikiwe, nami nikaona ni busara. Woga wangu siku zote umevaa nguo za heshima, mwanangu. Nimekaa kimya mbele ya wazee, watu wakasema ana adabu. Nimekaa kimya mbele ya mama yangu, wakasema ana utii. Nimekaa kimya ofisini, wakanipandisha cheo. Kwa muda mrefu sikujua kwamba kitu hicho ni kimoja.

Sasa nikuambie jinsi alivyookoka, maana katika hili pia wewe ulikuwepo.

Unakumbuka msiba wa shangazi Edna, Mbaha. Ulikuwa umekwisha kujua kwamba Lidia ni mama yako, na ulikuwa humsemeshi. Alifika na nywele za bandia ndefu na kucha za rangi, watu wakaanza kunong'onezana na vijana wakaanza kumpiga picha. Yeye akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kitenge kichwani, nywele ameziacha huko, akakaa chini na akina mama. Walipoanza ule wimbo wao wa kumtoa marehemu nyumbani, ule wa Kinyasa wenye maneno machache yanayorudiwa, yeye hakushika sauti ya kwanza. Alishika ya pili. Akaizamisha sauti yake chini ya sauti za wale mabibi mpaka huwezi kuitoa. Nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa umesimama kando yangu, umefunga mdomo, na ulikuwa unaguna sauti ya tatu, hujui kwamba unaguna.

Baada ya maziko nilimkuta amekaa kwenye jiwe la kufulia. Aliniambia, "Kosmasi, leo nimeimba na hakuna aliyenitazama. Sikumbuki ni lini nilipumzika hivi. Nadhani Mungu yuko mahali kama hapa." Wiki hiyo hiyo alifuta maonyesho yake yote. Hakuna mwanga ulioshuka, hakuna pepo aliyepiga kelele. Alikuwa mwanamke aliyechoka kuangaliwa, akasikia akina mama wa kijijini kwao wakiimba. Kwangu huo ndio ushuhuda, na ni mzuri kuliko wowote niliousikia. Imani yake ni ya kweli, Kandida. Usije ukamwona mnafiki. Hilo ndilo linalonisumbua: kitu cha kweli kimejengewa ukuta wa uongo.

Maana mwimbaji aliyetoka kwenye muziki wa dunia haruhusiwi kuingia kwenye injili na wimbo tu. Kabla ya wimbo anaombwa ushuhuda, na ushuhuda unapimwa kwa kina cha shimo alilotolewa. Jumatano, walipokuja kula nyumbani, nilipata dakika chache naye uani wakati bibi yako anamwonyesha Mtumishi Amosi kuku wake. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Lidia, kwa nini unasema ulimtupa?"

Alikuwa anaosha mikono. Akaendelea kuosha hata ilipokwisha kutakata.

"Ilianza ndogo," alisema. "Mara ya kwanza nilisema tu kwamba nilikuwa mbali na mwanangu. Watu wakalia. Wiki iliyofuata Mtumishi akaniambia, mama, waambie ulikuwa mbali kiasi gani. Kila mahali nikasogea hatua. Sasa nimefika huko, Kosmasi, na sijui njia ya kurudi."

"Lakini si kweli."

"Sijui tena. Nimeisema mara nyingi mpaka nakiona hicho kitanda. Na pengine ndivyo ilivyo. Mama wa kweli angekuja na panga akamchukua mwanawe." Kisha akanitazama kwa huruma ile ile ya zamani. "Wewe usijisumbue. Ulifanya ulichoweza."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa nimefungua mdomo. Bibi yako akaita kutoka bandani, "Kosmasi, njoo ushike huyu jogoo mwekundu, mgeni anataka kumpiga picha." Nikaenda kushika jogoo.

Kisha Alhamisi, yaani jana, Mtumishi Amosi akanifuata kazini. Aliingia akasalimia kila mtu, akawaombea wazee waliokuwa wanasubiri kesi zao, wakafurahi sana. Aliponisogelea aliinama mezani kwangu kama anayesoma majina. "Baba Kandida," alisema, "Jumapili pale Mbamba Bay ni siku kubwa. Mama anamwita binti, binti anamsamehe, wanaimba pamoja. Wimbo wenyewe tayari. Mimi nakushukuru kwa kuwa mtulivu. Mama hajawahi kulitaja jina lako jukwaani, hata siku moja. Watu huniuliza, baba wa mtoto alikuwa wapi? Nasema, ya nini? Shetani mmoja anatosha kwenye ushuhuda." Akacheka, akanipiga bega, akatoka. Nikaandika jina lile lile mara mbili kitabuni. Sijui alijua nini na alibahatisha nini. Huenda hakujua lolote.

Nimekuwa nikiwaza tangu jana kwa nini niliogopa vile, nami nimeona ukweli ambao ningependa usinichukie kwa ajili yake. Uongo wa mama yako umenilea. Kila alipozidi kujipaka tope, mimi nilizidi kung'aa. Watu wananisimamisha njiani: "Pole karani, umelea peke yako mtoto aliyeachwa." Wewe mwenyewe uliwahi kuandika hivyo kwenye insha ya shule, na mwalimu wako akaisoma kanisani. Nilikaa benchi la mbele. Nilipokea pole zote. Mwanamke yule ananibebea mzigo wangu jukwaani miaka yote hii, anauita wake, na anadhani ni wake kweli.

Kazini nimeandika maneno ya mashahidi wengi. Nimewaona wakikaza sauti chumba kikijaa na kuilegeza watu wakitoka. Lakini sijawahi kumwona mtu akijishtaki mwenyewe, akajihukumu mwenyewe, na aliyekosa akawa amekaa kwenye benchi la wasikilizaji akipewa pole. Jumapili wanataka wewe utie muhuri.

Sikuambii useme nini. Nimeshapoteza haki hiyo, na nimeona katika maisha yangu madhara ya mtu mmoja kumsemea mwingine. Pengine utakapomwona amepiga magoti mbele ya watu wote utataka tu kumkumbatia. Mkumbatie. Kumkumbatia mama yako hakuwezi kuwa uongo. Pengine utasema maneno ya Mtumishi kwa sababu utaogopa umati, na mimi ndiye mtu wa mwisho wa kukulaumu kwa kuogopa. Nataka tu, utakapokuwa pale juu na kipaza sauti kimeletwa mdomoni mwako, ujue kwamba hakuna mtu aliyekuacha kitandani. Kulikuwa na mwanamke aliyesimama njiani akisubiri gari, na mwanamume ambaye hakushuka kwenye gari lolote.

Utaniuliza, kwa nini usimpigie mama simu usiku huu ukamweleza? Nimepiga. Simu yake inapokewa na Mtumishi. Ananiuliza, "Nimpe ujumbe gani, Baba Kandida?" Huwezi kumpa mtu kama huyo ujumbe kama huu. Na kwa nini nisipande tu jukwaani mwenyewe? Kwa sababu siku hiyo ni yenu ninyi wawili, na kwa sababu naogopa. Nimeandika sababu zote mbili ili usidhani ni ya kwanza tu.

Ila jambo moja nimeamua, nami naliandika ili nisiweze kulirudisha. Kabla jua la Jumapili halijazama, mama yako atajua kutoka mdomoni mwangu nilichomwambia pale mlangoni akiwa na bakuli la maharage. Atajua kwamba sikushindwa na wazee, sikuwahi hata kupigana nao. Nitamweleza, uniite au usiniite. Bibi yako atanilaani, mjini watapata la kusema kwa msimu mzima, na mke wangu sijui atanitazamaje. Sawa. Huo si mzigo wako.

Nasikia mmefika kwenye matangazo. Naandika haraka sasa.

Kunipata ni hivi. Usipige simu, nitaizima, kwa sababu bibi yako akinipigia njiani anirudishe, nitarudi. Kesho mtakapoondoka nitawapungia kama kawaida, usinitazame kwa namna ya kunifichua. Jumapili nitashuka na gari la kwanza. Pale ufukweni huwa wanaweka jenereta upande wa kulia wa jukwaa, pembeni pasipopendwa na watu kwa sababu ya kelele. Nitasimama hapo, na lile shati la bluu uliloninunulia. Kama hutaki nije, sema utakalosema, shuka, na usigeuke, nitakuwa nimekuelewa. Ukitaka nipande, usiniite jina. Anza ule wimbo wa akina mama wa Mbaha. Usishike sauti ya kwanza, mwachie mama yako. Ataijua mara moja na hataweza kuiacha. Guna ya tatu, kama ulivyoguna siku ile. Haijalishi jenereta linanguruma kiasi gani.

Mimi nitaisikia. Nitapanda, na safari hii nitakuwa nimekuleta kwa mama yako.

Baba yako,
Kosmasi